Mlango ule ule, vitabu viwili

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika shule moja ya bweni huko New Hampshire, Marekani, binti mmoja alikuwa na mazoea ya kupanda ngazi ya mafundi hadi chumba kidogo kilichokuwa juu kabisa ya jengo. Humo mlikuwa na mlango mdogo wa mbao unaotokea kwenye paa. Kanisani alikuwa amesikia mahubiri yaliyotaja mlango. Wenzake walisikia fumbo. Yeye aliondoka kwenda kuutafuta mlango wenyewe, na alipouona huu wa juu darini akaridhika kwamba ndio. Ilikuwa marufuku kwenda huko. Aliendelea kwenda. Alikuwa akikaa pale akiwaza maisha yatakuwaje shule ikiisha, mpaka hatimaye akaufungua, akapita.

Binti huyo ni Temple Grandin, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa sayansi ya wanyama na mmoja wa watu wenye usonji wanaojulikana zaidi duniani. Mlango huo ameusimulia katika vitabu viwili. Cha kwanza, Emergence: Labeled Autistic, alikiandika pamoja na Margaret Scariano na kilitoka mwaka 1986. Cha pili, Thinking in Pictures, kilitoka mwaka 1995. Nimevisoma mwaka huu kwa ajili ya tasnifu yangu, kimoja baada ya kingine, na nilipoufikia mlango kwa mara ya pili nilirudi kwenye kitabu cha kwanza kutazama kama kweli ni ule ule. Ni ule ule. Kilichobadilika ni kazi ambao mlango huo umepewa na msimulizi.

Katika kitabu cha 1986 mlango ni njia ya kutokea. Jina la kitabu limeshatuambia hivyo: ni habari ya kuchomoza, ya kutoka kulikojificha na kuja walipo wengine. Utangulizi ulioandikwa na mwanasaikolojia Bernard Rimland unamtambulisha mwandishi kuwa ni mtu aliyepona usonji. Basi msichana anapopita kwenye mlango ule tunamshangilia kama tunavyomshangilia mgonjwa anayeshuka kitandani kwa mara ya kwanza. Katika kitabu cha 1995 mgonjwa hayupo. Mwandishi ameshatambua kwamba yeye hufikiri kwa picha, kwamba neno la dhahania kama "mustakabali" halimwingii mpaka lipate umbo la kitu kinachoshikika, na mlango unakuwa ushahidi wa jambo hilo. Tazameni, anatuambia, hata nikiwa na miaka kumi na kitu ndivyo nilivyofikiri. Oliver Sacks, daktari aliyekiandikia kitabu hicho cha pili utangulizi, anasimulia mahali pengine jinsi Grandin alivyomaliza hotuba yake moja kwa kusema kwamba kama angeweza kuuondoa usonji wake kwa kufumba na kufumbua, asingefanya hivyo, kwa kuwa asingebaki kuwa yeye.

Miaka tisa imepita kati ya kitabu na kitabu. Msichana hajafanya jambo lolote jipya katika miaka hiyo. Yuko pale pale juu darini. Amepata tu msimulizi mwingine.

Nataka kulishika hapo jambo lenyewe. Tunapozungumza juu ya vijana ambao ubongo wao unafanya kazi kwa namna isiyotarajiwa, iwe ni usonji au ADHD au ile shida ya kusoma iitwayo disleksia, tunapenda kusema kwamba jina la kitabibu "linamfunua" mtu aliyekuwa amejificha. Vitabu viwili vya Grandin vinaonyesha jambo la tofauti. Jina linamwandika kijana upya, na linaweza kumwandika zaidi ya mara moja. Mhakiki anayesoma tawasifu za namna hii ana kazi ya kuuliza ni maandishi gani yalikuwa chini kabla haya hayajaja juu yake.

Mwanafalsafa wa Kanada, Ian Hacking, aliligusa suala hili katika makala ya mwaka 2009 kuhusu tawasifu za watu wenye usonji. Kwa maoni yake, tawasifu hizi haziripoti mambo ambayo tayari yalikuwa na maneno yake. Zinayatengeneza maneno hayo. Kabla yake hapakuwa na lugha iliyozoeleka ya kueleza jinsi mwanga wa taa unavyoweza kuuma, au jinsi uso wa mtu unavyopotea unapojitahidi kuyasikia maneno yake. Waandishi wakaibuni lugha hiyo, wasomaji wakaiazima, na baadhi ya walioazima wakaandika vitabu vyao kwa lugha ile ile. Leo mzazi anamtazama mtoto kupitia kwayo, na kijana anajitazama mwenyewe kupitia kwayo. Sioni ubaya hapo. Hakuna aliyezaliwa akilijua neno "wivu"; tulilikuta, tukajipima nalo, tukaona linatukaa. Lakini nguo ya kuazima ina umbo la aliyeishona, na ni vizuri kulijua hilo kabla hujasema imeshonwa kwa kipimo chako.

Umbo lenyewe siku hizi tunalijua kwa moyo. Mtoto ni wa ajabu ajabu. Hachezi na wenzake, au anacheza kupita kiasi. Walimu wanamchoka. Anajifunza kujificha. Anafika ishirini na kitu amechakaa. Kisha siku moja anakutana na video fupi kwenye simu, au mtoto wa dada yake anapelekwa kupimwa, au daktari anamuuliza swali ambalo hajawahi kuulizwa. Linakuja jina. Yanakuja machozi. Halafu anarudi nyuma na ufunguo mmoja mkononi, anaizunguka nyumba nzima ya utoto wake akifungua kila chumba. Ugomvi wa darasa la tano: kumbe ndiyo sababu. Urafiki uliovunjika kidato cha tatu: kumbe ndiyo sababu. Kuchukia bamia: kumbe ndiyo sababu.

Ni msuko wa hadithi ya upelelezi, na utamu wake ni ule ule: vitu vilivyotapakaa sura ya kwanza vinajipanga sura ya mwisho. Faraja yake siipingi. Mtu aliyeitwa mvivu kwa miaka kumi na mitano ana haki ya kulia akiambiwa hakuwa mvivu. Ugomvi wangu ni wa kifasihi. Katika msuko huu kijana mwenyewe hana la kufanya. Anaacha alama za vidole, kisha mtu mzima anakuja kuzisoma. Aliyoyachagua, uongo aliousema makusudi, kitabu alichokiiba maktaba kwa sababu alikitaka, vyote vinageuka dalili. Na dalili haina nia. Haitaki kitu. Unawezaje kuandika habari za ujana, kipindi ambacho mtu hutaka vitu kwa nguvu kuliko kipindi kingine chochote, halafu umnyang'anye kijana utashi wake?

Ajabu ni kwamba mojawapo ya riwaya zilizosomwa sana katika eneo hili ni ya upelelezi kweli, na kosa hilo hailifanyi. Ni The Curious Incident of the Dog in the Night-Time ya Mark Haddon, ya mwaka 2003. Christopher ana miaka 15, anaishi Swindon, Uingereza, na anaanza kumtafuta aliyemuua mbwa wa jirani kwa uma wa bustani. Anachokuja kukigundua ni uongo wa watu wazima, hasa wa baba yake. Siri imo kwa wazazi. Mvulana ndiye mpelelezi. Ndani ya hadithi hatajwi kuwa na hali yoyote ya kitabibu. Neno Asperger liliwekwa kwenye jalada, na Haddon alikuja kusema kwamba jambo hilo alilijutia kidogo. Wapo wasomaji wenye usonji waliolalamika kwamba Christopher ni fungu la tabia zilizokusanywa kutoka nje na mtu asiyeyajua mambo hayo kwa ndani, na nadhani wana hoja. Hata hivyo, kijana huyu wa kubuniwa anapanda treni kwenda London peke yake kwa uamuzi wake. Ana uhuru wa kutenda kuliko vijana wengi wa kweli ninaowakuta kwenye tawasifu.

Nina sababu yangu ya kulishikilia hili. Mwaka jana, nikiwa na miaka 25, na mimi nilipewa jina: ADHD, hali ambayo Kiswahili huieleza kwa maneno mengi, upungufu wa umakini ukiambatana na utundu uliozidi. Utundu wenyewe sikuwahi kuwa nao. Shuleni niliitwa mzubaifu, na katika ripoti moja ya muhula iliandikwa kwamba ningeweza kufanya vizuri nikiacha kuzubaa, kana kwamba kuzubaa ni kofia, unaivua mlangoni. Nilipopata jina nilifanya kama wafanyavyo wote. Kwa muda wa wiki moja niliyapitia maisha yangu yote na ule ufunguo, kisha nikampigia simu mama kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Sasa mwanangu, yule niliyemlea mimi alikuwa nani?"

Hakuwa akibisha habari za daktari. Alikuwa akimtetea mtu aliyemjua. Mama anamkumbuka mtoto aliyekuwa akishinda kwa fundi baiskeli wa jirani toka mchana hadi magharibi, mpaka atumwe mtu kumfuata. Mtoto aliyeweza kutambua, kwa mlio tu, ni tairi la mbele au la nyuma lenye kasoro. Katika maelezo yangu mapya, hiyo ilikuwa dalili: akili inayozama kwenye kitu kimoja na kushindwa kutoka. Katika maelezo ya mama, ilikuwa subira. Na katika kumbukumbu yangu mwenyewe, nikijitahidi kuifikia bila msaada wa daktari wala wa mama, yule fundi alikuwa hasemi sana na mimi nilimpenda. Jina sijaliacha, linanisaidia kupanga siku, kujua kwa nini nifanye hivi na si vile, kuomba muda wa ziada bila kunung'unika. Ila lile la kwa fundi baiskeli nimekataa kulitia kwenye faili.

Kwa hiyo nilipokifikia kitabu cha Donna Williams, Nobody Nowhere, nilikisoma kama mtu aliyekuwa akikitafuta. Williams alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1963, akafariki mwaka 2017. Kitabu kilitoka mwaka 1992. Jina la usonji lilimfikia akiwa tayari mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, na ndani ya kitabu linakuja kwa kuchelewa. Sehemu kubwa ya simulizi inatembea bila hilo jina, na hapo ndipo ilipo nguvu yake.

Tangu akiwa mdogo sana Donna ana wenzake wawili wa ndani. Mmoja ni Willie, mkali, mwenye macho ya hasira, ambaye hukusanya habari na maneno na kuyatumia kama silaha. Mwingine ni Carol. Carol alikuwa msichana wa kweli, Donna alikutana naye bustanini mara moja. Baadaye akamchukua, yaani akauchukua mwenendo wake, tabasamu lake, namna yake ya kuwa mtoto anayependwa. Tangu hapo Carol ndiye anayetoka kwenda kukutana na watu. Carol anacheka. Carol anasema yanayotakiwa kusemwa. Ujana unapofika, Carol ndiye anayepata kazi na wanaume, na wanaume hao ni wabaya, na Donna yuko mahali fulani nyuma kabisa, hata hatuna hakika kama anaona. Willie anajitokeza panapohitajika ubishi na elimu. Nyumba waliyotoka ni ya vipigo na matusi. Anaondoka humo akiwa na miaka 15.

Msomaji wa leo ana neno tayari la kumtupia Carol: sura ya bandia, barakoa. Kwa mujibu wa mazungumzo ya siku hizi, kijana mwenye usonji huvaa barakoa ili akubalike, na afya yake iko katika kuivua ili atokee yule wa kweli aliye chini. Kitabu cha Williams ni kigumu kuliko hapo. Carol ana furaha zake. Anapenda kucheza dansi, anapenda kutazamwa, na kuna kurasa ambazo msimulizi anamwonea wivu. Willie naye si chombo tu cha kujilinda. Ndiye aliyesoma, na bila yeye sidhani kama Donna angefika chuo kikuu. Ni nani kati ya hawa watatu aliye "wa kweli"? Kwa muda mrefu kitabu kinakataa kujibu, na mimi kama msomaji nakishukuru kwa kukataa. Erik Erikson, aliyelifanya suala la utambulisho kuwa ndilo suala kuu la ujana katika saikolojia ya karne iliyopita, aliamini kwamba kijana hujaribu nafsi hii na ile mpaka apate moja inayoungana na nyingine zote. (Erikson mwenyewe alijichagulia jina hilo ukubwani, alikulia na jina la baba wa kambo.) Kwa Williams kujaribu nafsi hakukuwa mchezo wa ujana. Carol asipokwenda kazini, hakuna kodi.

Najua kuna atakayesema: sote tuko hivyo. Kijana wa kwetu ana lugha moja kwa bibi yake, nyingine kituoni na nyingine mbele ya mwalimu wa Kiingereza, na kila lugha ina mtu wake. Ni kweli, na ndiyo maana Nobody Nowhere kinasomeka na mtu asiye na usonji hata kidogo. Lakini mimi nikibadilisha lugha kituoni nachoka kidogo tu. Carol anapotoka mlangoni, Donna haonekani kwa miezi. Kufanana kupo, gharama hazifanani, na mhakiki anayesema "sote" haraka haraka anakuwa amelipa kwa pesa ya mwingine.

Kitabu kina udhaifu wake. Kurasa za mwisho, zile zinazofafanua tabia moja moja na maana yake, zinasomeka kama kamusi iliyobandikwa nyuma ya ndoto. Unahisi kwamba jina limeshafika na limeanza kufagia. Katika kitabu kilichofuata, Somebody Somewhere cha mwaka 1994, Williams anajitahidi kuachana na Carol na Willie ili aishi kama Donna. Kimepangika zaidi, kina matumaini zaidi, na kwangu mimi ni kitabu kidogo kuliko cha kwanza. Huu ni upendeleo, sikatai. Aliyeishi humo alikuwa na haki ya kutaka utulivu ambao mimi msomaji siupendi.

Kuna jambo moja ambalo sikulitarajia, nalo limo katika lugha. Vitabu hivi nimevisoma kwa Kiingereza na ninaviwaza kwa Kiswahili, na katikati ya safari hiyo kuna kiungo kidogo kinachokataa kuvuka: "mwenye". Katika Kiingereza kuna mabishano ya miaka mingi. Jim Sinclair, mmoja wa waanzilishi wa harakati za watu wenye usonji nchini Marekani, aliandika mwaka 1999 kwa nini hapendi kuitwa mtu ambaye ana usonji pembeni yake, kama mzigo anaoweza kuutua; alitaka neno litakalosema kwamba huo usonji ni yeye. Kiswahili kina njia ya namna hiyo, na si nzuri: kipofu, kiziwi, kilema, kiwete, majina yanayoanza kama kiti na kikombe, ndiyo maana wengi sasa husema asiyeona au mtu mwenye ulemavu. Tukija kwenye usonji tunasema "mwenye usonji", na mtu aliyezoea mabishano ya Kiingereza anaweza kudhani tumechagua upande wa mzigo. Hapana. Mwenye nyumba hajabeba nyumba. Mwenye mji, mwenye shamba, mwenye neno lake: hilo ni neno la mmiliki, na limo hata ndani ya "mwenyewe". Ninapomwita Williams mtu mwenye usonji, Kiswahili changu kinamkabidhi hati ya kiwanja. Atajenga anachotaka humo, atapangisha kama akipenda, Carol atakaa chumba cha mbele.

Nimebakiwa na vitabu vilivyoandikwa na vijana wakiwa bado vijana, na hivyo ni vichache. The Reason I Jump cha Naoki Higashida, aliyekiandika akiwa na miaka 13 kwa kuonyesha herufi kwenye ubao, kilitoka Japani mwaka 2007 na kwa Kiingereza mwaka 2013. Mjadala kuhusu njia hiyo ya kuandika umekuwa mkali kiasi kwamba kukijadili kwa haki kunahitaji makala yake. Ninachotaka kukikazia ni kingine: Freaks, Geeks and Asperger Syndrome cha Luke Jackson, Mwingereza, ambacho nacho kiliandikwa na mvulana wa miaka 13 na kutoka mwaka 2002. Kinajiita mwongozo wa ujana. Kina sura kuhusu usingizi, chakula, uonevu wa shuleni, na wasichana. Hakijapangwa vizuri. Kinarukaruka, kinatania, kinatoa ushauri ambao mwandishi mwenyewe bado hajapata muda wa kuujaribu. Katika nyumba yao ya watoto saba mdogo wake mmoja ana ADHD na mwingine usonji, kwa hiyo jina la kitabibu si tukio la kushangaza; ni kama kujua nani havai miwani ya nani. Jackson anasisitiza kwamba mtoto aambiwe mapema, na kwamba wazazi wanaosubiri "wakati muafaka" wanajisubiria wenyewe.

Tazama tofauti. Hapa jina halirudi nyuma kufungua vyumba, kwa sababu hakuna nyuma. Liko mfukoni mwa kijana pamoja na funguo na peremende, analitumia leo, kesho analisahau. Anataka vitu. Anamkasirikia mtu. Anajua ana Asperger na bado anataka kujua kama yule msichana atakubali kutoka naye. Kila tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, mabango mengi ninayoyaona yana picha ya mtoto wa miaka minne au mitano, na nyuma yake mama. Mtoto huyo atafika kumi na tatu. Atabalehe, atanuka jasho, atapenda. Kwenye kitabu cha Jackson tayari yuko huko, anaongea.

Lakini jina alilokuwa nalo mfukoni halikuwa imara. Hali ya Asperger iliingia rasmi katika mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM, mwaka 1994. Mwaka 2013 iliondolewa, ikamezwa ndani ya usonji kwa jumla. Mwongozo ule ule, hadi mwaka huo 2013, haukuruhusu mtu mmoja atambuliwe kuwa na usonji na ADHD kwa pamoja, kwa hiyo kuna kizazi kizima kilichoambiwa kichague nusu. Na mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech na mwenzake Edith Sheffer, kila mmoja kwa maandishi yake, walionyesha jinsi Hans Asperger mwenyewe, daktari wa Vienna wakati wa Wanazi, alivyoshiriki kuwapeleka watoto Am Spiegelgrund, taasisi ambako watoto waliuawa. Wengi waliokuwa wakijiita kwa jina lake waliliacha. Wengine walisema limeshakuwa lao, aliyelianzisha hana hisa tena humo.

Fikiria kijana aliyejijenga juu ya neno hilo tangu akiwa na miaka kumi na kitu. Hakulitunga. Alipewa na watu wazima waliosoma, akaambiwa ndilo linalomweleza, akalizoea, akaandika kitabu. Halafu mkutano wa wataalamu ukakaa ukalifuta.

Mwaka 2016 Jackson alitoa kitabu kingine, mwongozo safari hii wa utu uzima. Kinaitwa Sex, Drugs and Asperger's Syndrome. Neno liko pale pale kwenye jalada, kwa herufi kubwa, miaka mitatu baada ya DSM kuliondoa.